Jibu: Kwa nini Pirbright ilijengwa upya

Ndugu, umeuliza kwa nini serikali ya Uingereza ilitoa mamilioni ya pauni kujenga upya maabara za magonjwa ya mifugo za Pirbright badala ya kuzikarabati tu. Sababu mojawapo kubwa ni tukio la Agosti 2007, ambapo virusi vya ugonjwa wa miguu na midomo vilitoka katika eneo hilo na kuwafikia ng'ombe wa mashamba ya jirani, na wachunguzi wakaelekeza lawama kwenye mabomba chakavu ya majitaka yaliyopita chini ya ardhi, ambayo waliolitumia eneo hilo walikuwa wamevutana kuhusu nani agharamie matengenezo yake.

Jengo jipya liligharimu pauni milioni 135. Katika majengo ya aina hii fedha nyingi humezwa na vitu visivyoonekana kwa mgeni: mitambo inayohakikisha hewa haitoki ila kwa kupitia vichujio, na matangi ya kuua vijidudu katika majitaka. Binafsi naona bei hiyo ni halali. Jengo lenyewe limepewa jina la Walter Plowright, aliyetengeneza chanjo ya sotoka (ugonjwa wa virusi uliokuwa ukiua ng'ombe) huko Muguga, Kenya.