Muulize Fundi: Kinanda kinawaka, kompyuta inakikataa

*Assalaam aleikum fundi. Mie niko Wete, nina kinanda nakichomeka kwenye laptopu kwa waya wa USB narekodia qasida za madrasa yetu na biti mbili tatu za vijana. Mwanzo kilikuwa poa tu, sasa nikifungua programu ya kurekodia naambiwa kifaa cha MIDI kimeshindwa kufunguka. Ajabu yake asubuhi kinakubali, jioni kinakataa. Jioni ndo nakaa kwenye ule mtandao wa masomo ya piano najifunza kidogo, nikishapata moto nataka kurekodi, hapo hapo linanikuta. Nishabadilisha waya, nishajaribu tundu zote tatu za USB, programu nishaiondoa nikaiweka upya, wapi! Kuna jamaa kanambia bodi ya ndani imekufa ninunue kingine. Nisaidie kabla sijakiuza.*
*Mpiga kinanda, Wete*

Waaleikum salaam yakhe. Usikiuze, na huyo jamaa mwambie aache kukuulia kinanda kizima. Bodi iliyokufa haichagui asubuhi na jioni.

Jawabu umeliandika mwenyewe kwenye barua yako ila umelipita. Ule mtandao wa masomo ya piano unajuaje kama umebonyeza kidoko sawa? Unajua kwa sababu brauza yako imeufungua mlango wa MIDI, yaani njia inayopitisha habari za vidoko baina ya kinanda na kompyuta, inakisikiliza kinanda. Na kwenye Windows nyingi tulizonazo mlango huo anaingia mmoja tu kwa wakati, ni kama choo cha uani nyumba ya kupanga, aliyetangulia kashatia komeo na wewe uliye nje gonga utakavyo. Programu ya kurekodia inakuja ya pili, inakuta komeo, inakwambia imeshindwa. Wenye Mac hawalijui tatizo hili, kule programu kadhaa zinakisikiliza kinanda kimoja kwa pamoja bila ugomvi.

Kwa hivyo ukimaliza somo funga ule ukurasa, na mie nakushauri ufunge brauza yote. Ikikataa bado, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utaletewa orodha ya vinavyofanya kazi, angalia kama programu yako ya kurekodia ya mwanzo imebaki humo japo wewe uliifunga, maana ikiganda huwa inabakia chini kwa chini na komeo bado kaishika yeye. Izime hapo, chomoa kinanda, hesabu mpaka kumi, chomeka, washa, halafu ndo ufungue programu. Kinanda kwanza programu baadae, programu nyingi huwa zinahesabu vifaa pale zinapoamka, ukichomeka baadae hazina habari nawe.

Sasa hizo tundu tatu ulizojaribu umejiongezea kazi nyingine bila kujua. Kila ukibadilisha tundu Windows inaweza kudhani kimekuja kinanda kipya, ikakipa jina lilelile na namba mbele, 2, 3, na cha zamani haikifuti, inakificha tu. Nyimbo zako za mwanzo zinaendelea kumtafuta yule wa zamani ambaye hayupo. Ingia Device Manager, kwenye View chagua kuonesha vifaa vilivyofichwa, utaviona vimefifia rangi kama nguo iliyoanikwa jua la Kaskazi, futa vile vilivyofifia vyenye jina la kinanda chako tu, vyengine usiviguse. Kisha chagua tundu moja usiihame. Mie yangu nimeitia alama kwa rangi ya kucha ya mke wangu, kaniuliza imekwendaje nikamwambia ni mambo ya kazi.

Na nikwambie, sikucheki. Mie mwenyewe niliwahi kumpelekea fundi mmoja hapa mjini kinanda changu kikafunguliwa skrubu zote, nikalipa, nikarudi nacho nyumbani kosa lilelile, kumbe kulikuwa na programu nyingine imeachwa wazi nyuma.

*Fundi, kibodi yangu ndogo ya vidoko 25 inawaka taa vizuri lakini laptopu haionyeshi kitu kabisa, hata jina. Waya ni wa simu yangu.*
*Wa Chake*

Ndo huo waya. Kuna nyaya za simu zimetiwa nyuzi za umeme tu, za kupitishia data hamna, ndo maana taa inawaka na jina halitokei. Jaribu kuhamishia picha kutoka kwenye simu kwa waya huohuo, zikigoma kupita basi hata kibodi haitopita.

*Kaka fundi, mie napiga kinanda kwenye kikundi cha taarab hapa Mjini. Nataka kuandika wimbo wa maqamu ya bayati kwenye kompyuta, ile sauti ya robo tone nimeivuta kwa pichi bendi, kile kigurudumu cha kupandisha na kushusha sauti, lakini kila kitu kinavutika nayo mpaka besi, na wimbo ukirudi mwanzo umeshatoka tyuni. Kinanda kibovu au programu?*
*Dada wa Mjini*

Hakuna kibovu dada yangu, hata kimoja. MIDI ilitoka 1983 na walioitunga walikuwa na vidoko vya piano kichwani, maqamu kama bayati na rasti hawakuzipigia hesabu. Pichi bendi haivuti noti moja, inavuta chaneli nzima, kila kilichomo chaneli ile kinakwenda nayo. Lakini chaneli ziko 16, zitumie. Tuseme bayati yako inaanzia D, basi sauti ya robo iko kwenye E. Toa E zote kwenye traki yako uziweke traki ya pili, ala ileile ila chaneli mbali, na hiyo peke yake ndo uivute chini. Besi muache kwake.

Uivute kiasi gani? Ala nyingi zimewekwa bendi ya nusu tone mbili juu na mbili chini, hapo robo tone ni kushusha 2048 kutoka katikati. Angalia lakini ala yako imewekwa ngapi, maana ikiwa imewekwa 12, hiyohiyo 2048 itakushusha nusu tone tatu nzima, na hapo si bayati tena, sijui tuiteje.

Hiyo ya kutoka tyuni ukirudi mwanzo ni bendi imebakia palepale ilipoachwa, MIDI hukumbuka amri ya mwisho mpaka ipewe nyingine. Kwenye traki zile ulizozichezea mwanzo andika bendi sifuri pale pa kuanzia wimbo, na ile ya E iandike -2048 palepale mwanzo uiache hivyohivyo mpaka mwisho.