Fremu Kuukuu ya Titani: Ikague Kwanza, Uisugue Baadaye

Baiskeli za titani, metali ya kijivu isiyoshika kutu, si nyingi Uganda, lakini zipo. Nyingine hushuka katika makontena ya mitumba zikiwa zimechanganyika na za alumini, nyingine huachwa na wageni waliomaliza mikataba yao ya kazi, na nyingine zimepita mikono mingi kiasi kwamba aliye nayo sasa hajui thamani yake. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikizirejesha katika hali nzuri, zangu mwenyewe na za waendesha baiskeli wenzangu hapa Kampala, na ushauri wangu kwa aliyepata fremu ya namna hiyo ni kwamba asiipeleke kupigwa rangi wala kuchomelewa kabla hajaielewa. Tumezoea baiskeli za chuma, ambazo hutengenezwa kwa kuongezewa rangi, kiraka au tone la kuchomelea. Fremu ya titani huhitaji zaidi kuondolewa yale iliyoongezewa na kukaguliwa kwa subira.

Thibitisha kwanza kwamba kweli ni titani. Sumaku haishiki titani, lakini haishiki alumini pia, kwa hiyo itakusaidia kuondoa chuma tu katika hesabu. Titani isiyopakwa rangi ni ya kijivu kilichokolea, haitoi kutu wala ule unga mweupe ambao alumini huutoa palipokaa jasho, na mabomba yake kwa kawaida huwa na kipenyo kidogo kuliko ya alumini. Ukibaki na shaka, kwangua rangi kidogo chini kabisa, kwenye bomba fupi linalobeba ekseli ya pedali (kisanduku cha ekseli), kisha uweke hapo tone la maji yenye kostiki soda, ile inayouzwa kwa watengenezaji wa sabuni, huku umevaa glavu na miwani. Alumini itatoa povu baada ya muda mfupi. Titani itakaa kimya. Osha mahali hapo mara moja kwa maji mengi.

Umri wa fremu nao una maana. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Teledyne ya Marekani iliuza fremu za titani isiyochanganywa na metali nyingine, nazo zilijulikana kwa kupinda na kupasuka. Mwaka 1986 Merlin na Litespeed, zote za Marekani, zilianza kazi hii, na aloi, yaani mchanganyiko wa metali, iliyoenea tangu wakati huo ni ile yenye alumini asilimia 3 na vanadi asilimia 2.5, ambayo ilikwisha kutumika katika mabomba ya haidroliki ya ndege. Fremu nyingi utakazokutana nazo ni za aloi hiyo, na kwa kawaida metali yenyewe bado ni nzima hata pale rangi, stika na vifaa vilivyofungwa juu yake vimechakaa kabisa.

Iondolee kila kitu. Stika hulainika kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto, na gundi inayobaki hutoka kwa asetoni. Dawa za kawaida za kuondoa rangi haziidhuru titani, lakini soma lebo ya kila dawa, hasa zile za kusafishia rimu za magari na kuondoa kutu, kwa sababu baadhi yake zina asidi ya haidrofloriki, ambayo huila titani haraka na humjeruhi vibaya sana mtu anayeishika.

Baada ya hapo ndipo ukaguzi unapoanza, na hapa ndipo ninapotumia muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Titani hushindwa kwa nyufa za uchovu, ambazo huanza kando ya mistari ya kuchomelea na kukua polepole kila fremu inapojipinda kwenye barabara mbovu. Kagua sehemu ya chini ya makutano ya bomba la mbele linaloshika usukani na bomba la mshazari linaloshuka kwenye pedali, kagua mabomba mawili ya nyuma yanapoungana na kisanduku cha ekseli, kagua mkato ulio juu ya bomba la kiti, na usisahau vishikizo vidogo vya kebo, kwani mara nyingi ufa huanzia kwenye kitu kidogo kilichochomelewa juu ya bomba kubwa. Vumbi letu jekundu husaidia: linapoingia katika ufa hubaki humo hata baada ya kuosha, likaacha mstari mwembamba wa kahawia. Futa mahali panapokutia shaka kwa spiriti na uangalie chini ya taa kali. Spiriti itakauka juu ya bomba kwanza, lakini iliyoingia ndani ya ufa itachelewa kukauka na kuonyesha mstari wake. Njia ya uhakika zaidi ni rangi nyekundu ya kupenya pamoja na unga mweupe wa kuifichua, na kwa hiyo inafaa kuwauliza mafundi wanaokarabati vichwa vya injini kama wanayo, maana nao hutafuta nyufa zisizoonekana kwa macho.

Ukiupata ufa, utashauriwa upesi uipeleke Katwe, mtaa wa mafundi hapa Kampala, ikachomelewe. Ninawaheshimu sana mafundi wa Katwe, ambao hutengeneza kwa mikono yao vitu ambavyo wengine huagiza kutoka nje, na ninachosema hapa hakihusu ustadi wao. Titani iliyopata joto la zaidi ya nyuzi 400 hivi huanza kufyonza oksijeni na naitrojeni ya hewa, na ikishafyonza huwa ngumu na yenye kuvunjika ghafla. Anayeichomelea lazima aifunike kwa gesi safi ya agoni kwa nje na kwa ndani ya bomba pia, na aendelee kuifunika hadi ipoe, na bomba lenyewe lazima liwe safi bila hata alama ya kidole. Kazi nzuri hutoka na rangi ya fedha au ya manjano hafifu kama majani makavu, ilhali rangi ya buluu iliyokolea, kijivu au nyeupe huonyesha kwamba hewa imeingia. Mashine ya kawaida ya umeme na vijiti vya kuchomelea haiwezi kufanya hivyo hata ikishikwa na fundi bora. Kama humpati mchomeleaji mwenye vifaa hivyo, na ambaye anaweza kukuonyesha kipande cha titani alichokichomelea, fremu hiyo isipandwe tena. Kuteremka mlima kutoka Sipi kuelekea Mbale juu ya bomba lililopasuka ni kuweka maisha rehani.

Tatizo linalojitokeza zaidi ya nyufa ni nguzo ya kiti ya alumini iliyong'ang'ania ndani ya bomba la titani. Metali hizi mbili zikikutana na jasho na maji ya mvua, alumini ndiyo huliwa, na unga wake huvimba hadi nguzo isitingishike. Mafundi wengi watataka kuipasha moto bomba hilo kwa gesi. Wakatalie. Alumini hutanuka kwa joto zaidi ya mara mbili ya titani, kwa hiyo moto huikaza nguzo badala ya kuilegeza, na baridi ndiyo huisaidia. Mimi huweka mafuta ya kupenya kwa juu na, nikiigeuza fremu, kwa chini pia, nikaacha usiku kucha. Kisha nakaza kichwa cha nguzo katika jiriwa, najaza barafu iliyopondwa ndani ya nguzo, na kuizungusha fremu nzima taratibu kwa mikono miwili. Ikikataa kabisa, inakatwa juu kidogo ya bomba, na kwa bledi ya msumeno wa chuma nachora mfereji ndani yake kwa urefu hadi iweze kukunjwa kwa ndani, nikiwa mwangalifu sana bledi isiguse titani.

Njia ya mwisho ni kuiyeyusha nguzo kwa kostiki soda, ambayo huila alumini na kuiacha titani. Inafanya kazi, lakini ina masharti ambayo singependa mtu ayachukulie kwa wepesi. Fanya kazi nje, mbali na moto na sigara, kwa kuwa gesi inayotoka ni haidrojeni na hulipuka. Mimina kostiki ndani ya maji, kamwe usimimine maji juu ya kostiki. Fremu igeuzwe chini juu, mdomo wa bomba la kiti uzibwe kwa kizibo cha mpira, na matundu ya kishikio cha chupa yazibwe pia. Tumia mchanganyiko hafifu na uubadilishe mara kwa mara, na bomba likipata joto kiasi kwamba huwezi kulishika kwa glavu, mimina yote na usubiri, maana kostiki ya moto inayotoa haidrojeni inaweza kuifanya titani yenyewe ifyonze gesi hiyo na kudhoofika. Aliye na watoto nyumbani asiifanyie kazi hii uani.

Kusugua, ambako wengi hukufikiria kuwa ndiyo kazi yenyewe, ni rahisi ukilinganisha na hayo. Pedi ya nailoni ya kusugulia, maji yenye sabuni na mwendo wa kufuata urefu wa bomba vitakupa ule mng'ao tulivu wa kiwandani. Mikwaruzo ya kuzunguka bomba huidhoofisha zaidi, kwa kuwa hukaa upande uleule ambao nyufa hupenda kufuata. Palipo na mikwaruzo mirefu anza na msasa wa namba 220, uende 320 hadi 400, kisha umalizie kwa pedi. Ukuta wa bomba ni wa takriban milimita 0.9 katika fremu nyingi, kwa hiyo shimo lenye kina lilainishwe kingo tu na kuachwa, na mistari ya kuchomelea isisuguliwe kabisa. Pedi na misasa iwe mipya, na brashi ya waya wa chuma isikaribie, kwa sababu chembe za chuma hujichimbia juu ya titani na baada ya mvua ya kwanza hutoa madoa ya kutu ambayo mwenye fremu atadhani ni ya titani. Kwa sababu hiyo hiyo sikubali fremu ipigwe mchanga katika karakana inayosafisha mageti na chasisi. Grainda pia haifai: hupunguza ukuta kwa sekunde chache, na vumbi laini la titani huwaka kwa moto mweupe ambao maji huuzidisha, hivyo kusugua kwa maji tangu mwanzo, ili vumbi lisiruke wala kushika moto, na kuwa na ndoo ya mchanga mkavu karibu ni tahadhari ya kweli.

Kuhusu rangi, mimi siipaki, kwa kuwa huficha nyufa na titani haihitaji kinga dhidi ya kutu. Anayependa rangi anaweza kuipata kwa umeme: titani ikichovywa katika maji yenye chumvi inayofaa na kupitishiwa umeme wa mkondo mmoja kama wa betri (DC), utando wake wa oksidi hunenepa na kuonyesha rangi kulingana na volti, kwa mfano buluu kwenye volti 30 hivi. Ijaribu kwenye kipande kidogo kwanza.

Kabla ya kufunga vifaa, pima upana wa kisanduku cha ekseli kwa kalipa. Kikiwa na milimita 68, aghalabu kikombe cha beringi cha upande wa mnyororo kina uzi wa skrubu wa kushoto na hufungwa kwa kuzungushwa kinyume cha saa; kikiwa na milimita 70 huenda ni uzi wa Kiitalia, ambao pande zote mbili hufungwa kwa kufuata saa. Fundi asiyepima huharibu uzi ambao hauwezi kujazwa na kukatwa upya kirahisi. Paka grisi ya shaba, ile ya mafundi wa magari inayopatikana katika soko la Kisekka, kwenye kila uzi na kwenye nguzo ya kiti, kwani titani ikisuguana na metali nyingine bila grisi hung'ang'ania. Chora alama ya urefu wa kiti kwa utepe, na kila msimu wa mvua unapokwisha itoe nguzo hiyo, uifute, uipake grisi upya na uirudishe kwenye alama yake.