Vyombo vya babu katika chumba cha wageni

SWALI

Shikamoo, Mzee wetu wa safu hii. Ninaishi Nyegezi, hapa Mwanza, pamoja na mume wangu na watoto wawili. Babu yangu mzaa baba alifanya kazi reli, na alipostaafu alirudi nyumbani Magu na vyombo alivyochongewa Tabora: kitanda cha mninga cha futi 4 kwa 6, kabati la nguo lenye droo chini, na kiti cha mikono. Tangu bibi afariki vimekaa stoo. Mwaka huu tumemaliza kujenga chumba cha wageni, na ningependa vyombo hivyo ndivyo vikae humo. Kitanda kimelegea na kinalia kikiguswa, kabati linadondosha unga sakafuni na droo yake imegoma kufunguka, na kiti kilipakwa rangi ya kijani na baba yangu mdogo miaka mingi iliyopita. Fundi aliyeviona ameshauri vyote vipigwe msasa wa mashine mpaka mbao mpya ionekane, kisha vipuliziwe vanishi. Je, nimkubalie?
Msomaji, Nyegezi

JIBU

Marahaba, mwanangu. Usimkubalie, walau si kabla hujajua unachokiondoa. Kabati la marehemu mama yangu nililipeleka kwenye karakana moja ya hapa mjini nikaagiza lifanywe jipya, bila kueleza zaidi. Ndani ya mlango wa kushoto mama alikuwa ametupima urefu kwa penseli, mstari mmoja kwa kila mtoto kila mwaka, na herufi ya jina pembeni. Nilipokwenda kulichukua lilikuwa liking'aa kila upande, na nilipofungua mlango ule sikukuta hata mstari mmoja. Kwa hiyo, kabla fundi hajashika chochote, toa vyombo nje mchana, vigeuze juu chini, angalia nyuma ya droo na chini ya kiti, piga picha za alama zote utakazoziona, na uwapigie simu ndugu zako, kwa sababu vyombo vya babu ni vya wajukuu wote hata kama stoo ni yako.

Kinachohitaji haraka ni ule unga. Huenda ni kazi ya bungua, wadudu watoboao mbao, na kabati lenye bungua halifai kuingia katika chumba kipya kabla halijatibiwa. Fagia unga wote, tandika kitambaa cheusi chini ya kabati, ukague baada ya wiki mbili. Ukikuta unga mpya na vitundu vyenye ukingo safi, wadudu wangali hai. Kiini chekundu cha mninga huwashinda, lakini ile sehemu nyeupe ya nje ya mti huliwa, na mafundi wa zamani waliitumia mara nyingi mahali pasipoonekana, kama vile mgongo wa kabati na sakafu ya droo. Nunua dawa ya wadudu wa mbao, soma maelekezo ya kopo, vaa glovu, uipake kwa brashi nje ya nyumba na kuiingiza katika vitundu kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Kisha liache kabati mahali penye hewa hadi harufu iishe kabisa. Najua wengi wetu huku hupaka oili chafu ya gari. Haifai kwa chombo cha chumbani, kwa maana hutia madoa, hunuka, na huchafua nguo za mgeni.

Kitanda kinalia kwa sababu ndimi za mifumbati, yaani ncha za mbao ndefu za ubavuni, zimelegea ndani ya matundu ya matendegu, yaani miguu ya kitanda. Asikuambie mtu kwamba misumari itatibu. Msumari hupasua ulimi, na baada ya mwaka mmoja kitanda hulia tena, safari hii kikiwa na jeraha. Kifunguliwe, kila kiungo kiandikwe namba kwa chaki, gundi ya zamani ikwanguliwe yote, kwa kuwa gundi mpya haishiki juu ya gundi kuukuu. Ikiwa ni ile iliyochemshwa kutokana na ngozi, kitambaa chenye maji ya moto kitailainisha. Baada ya kupaka gundi mpya ya mbao, kitanda kibanwe usiku kucha. Kama fundi hana klampu, vipande vya mpira wa ndani wa tairi la baiskeli vikizungushwa na kukazwa kwa kijiti hubana vizuri sana. Kabla gundi haijakauka apime kutoka pembe hadi pembe kwa mshazari, mara mbili. Vipimo vikilingana, pembe za kitanda zimekaa mraba. Na tafadhali, kisikatwe ili kiongezwe kiwe cha futi 5 kwa 6. Mgeni mmoja atalala humo kwa raha, na magodoro ya futi 4 kwa 6 yanapatikana madukani.

Badala ya msasa wa mashine, anza na kitambaa chenye unyevu na matone machache ya sabuni laini, ukikausha papo hapo. Kisha chovya pamba katika spiriti uiguse sehemu iliyofichika. Rangi ya juu ikilainika na kunata, basi ni polishi ya zamani ya shelaki, ambayo fundi mwenye subira huihuisha kwa kitambaa bila kuivua. Baada ya hapo, nta ya nyuki iliyosuguliwa kidogo kidogo inatosha, na Tabora ilikotoka mbao hiyo ndiko inakotoka nta nzuri.

Droo usiirande sasa. Mbao hunywa unyevu wa masika na kuvimba, na droo uliyoipunguza mwezi wa Aprili italegea kiangazi. Subiri Julai, ikigoma bado, sugua mshumaa kwenye njia zake. Kama ukuta wa nyuma wa chumba umeegemea jabali au kilima, kama ilivyo kwa nyumba nyingi za mji huu, acha nafasi ya sentimita 5 kati yake na kabati, hewa ipite.

Kimebaki kiti. Rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni hatari kwa watoto, kwa hiyo kisipigwe msasa mkavu kamwe. Kama rangi haibanduki, mimi ningekiacha kijani. Na kama baba yako mdogo yu hai, muulize kwanza kwa nini alichagua rangi hiyo.