Kabla hujaagiza Jimny, ujue kwanza kwa nini ni ndogo

Mkuu mleta mada, umeuliza mambo mawili kwa pumzi moja kuhusu Suzuki Jimny, kale kagari ka porini ka Kijapani. La kwanza, kwa nini Jimny iliyotumika inauzwa bei ya gari la familia wakati nyuma haiingii hata mabegi mawili ya maana. La pili, ukiagiza ya cc 660 badala ya 1300 utajuta au hutajuta. Wadau hapo juu wamelirukia la pili wakaliacha la kwanza. Kwangu mimi jibu la pili limo ndani ya la kwanza, kwa hiyo nivumilie nianzie mbali. Nimemiliki mbili, moja nikaijutia, na kabla ya hizo nimekulia kwenye ya mjomba.

Mjomba alikuwa bwana shamba kwenye chai, Mufindi mkoani Iringa. Alikuwa na Suzuki Samurai, jina jingine la Jimny ya enzi hizo, ile SJ413 ya kabureta, turubai juu, nyeupe iliyogeuka rangi ya udongo. Mvua za Machi barabara za mashambani kule zinateleza kama sabuni iliyolala kwenye maji. Mjomba alikuwa na kawaida ya kusimama kabla ya tope, si ndani yake, halafu ananiambia, "Shuka mjomba, kafunge miguu."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Katikati ya kila tairi la mbele kulikuwa na kitasa cha duara, ukubwa wa kifuniko cha chupa ya chai, kimeandikwa FREE upande mmoja na LOCK upande wa pili. Unakifuta tope kwa kidole gumba mpaka uone mshale, unakigeuza, kinashika kwa sauti ndogo, "tk". Unazunguka mbele ya boneti unafanya na upande wa pili. Ukisahau mmoja, four-wheel yako ni ya jina tu. Nikirudi ndani mjomba anavuta ile gia fupi iliyo kando ya gia kubwa mpaka 4L, yaani magurudumu yote manne kwa mwendo wa chini, anaachia klachi, anaondoa mguu kwenye mafuta. Gari linatembea lenyewe kama punda anayejua njia ya nyumbani, huku malori ya kubebea chai yamelala pembeni. Na likigoma kabisa, wachuma chai wanne walitosha kuinyanyua nyuma na kuiweka pakavu. Gari zima lilikuwa halizidi tani moja. Nilikuwa mdogo, nikadhani limetengenezwa dogo ili watu waweze kulibeba.

Kumbe udogo wake ulitokana na kodi.

Japani wana daraja la magari wanaloliita kei, lililoanzishwa 1949 baada ya vita ili watu wa kipato cha chini nao wapate kupanda kitu chenye injini. Gari likibaki ndani ya vipimo vya kei, kodi ni ndogo, bima ni ndogo, na sehemu nyingi za vijijini hudaiwi hata ushahidi kwamba una mahali pa kuliegesha. Likizidi sentimita moja, umetoka kwenye daraja. Miaka ya sitini vipimo vilikuwa hivi: urefu mita 3, upana mita 1.3, injini cc 360. Hebu chukua futi ya kupimia uweke mita tatu sebuleni kwako, halafu fikiria gari la porini linaloishia hapo.

Wa kwanza kujaribu hata hawakuwa Suzuki. Kilikuwa kiwanda kidogo kinaitwa Hope, ambacho mwaka 1967 kilitoa kitu kinaitwa ON360: bodi ya bati isiyo na milango, injini ya cc 359 ya kununua Mitsubishi, magurudumu yote manne yanavuta. Hope hawakuwa na mtaji wa kuendelea. Ndipo akatokea Osamu Suzuki, akashinikiza kampuni yake inunue haki za lile gari, na mwaka 1968 zikanunuliwa. Huyu mzee ana kisa chake. Alizaliwa Matsuda, akaoa kwenye ukoo wa Suzuki, akachukua jina la ukweni. Kijiweni kwetu angetaniwa mpaka achoke, lakini aliiongoza kampuni ya wakwe zake kwa zaidi ya miaka 40, na amefariki Desemba 2024 akiwa na miaka 94.

Suzuki walitoa injini ya Mitsubishi wakaweka yao: silinda mbili, cc 359, inapozwa kwa upepo, ya mipigo miwili kama zile pikipiki za zamani zenye moshi wa bluu. Nguvu za farasi 25. Aprili 1970 ikatoka kwa jina LJ10, ndiyo Jimny ya kwanza. Ukiifunga tairi la spea nyuma, kama Jimny zote tunazozijua, urefu unapita mita tatu. Basi tairi likaingizwa ndani, likala kiti cha abiria mmoja. Gari likabaki la watu watatu.

Kwa hiyo walikata injini, wakakata urefu, wakakata hadi abiria. Lakini kuna vitu hawakuvigusa, na hapa ndipo bei yako inapotoka, mkuu. Chesisi ilikuwa ya ngazi, imesimama peke yake chini ya bodi kama ya lori. Ekseli zilikuwa nzima mbele na nyuma. Gia ya kushusha mwendo na kuongeza nguvu, ile ya 4L, ilikuwepo, na rimu zilikuwa inchi 16 kwenye gari la urefu wa mita tatu. Rimu zimebadilika ukubwa, ila chesisi, ekseli na gia hiyo, tangu 1970 mpaka inayotoka kiwandani leo, hayo hayajaondolewa. Angalia gari nyingine ndogo zenye sura ya porini utaona wengi wameachana nayo zamani, zimebaki gari za kawaida zilizoinuliwa kidogo na kuvalishwa plastiki nyeusi.

Kilichobadilika ni injini, na mara nyingi ilibadilika kwa sababu serikali imebadilisha vipimo vya kei. Mwaka 1972 ikaanza kupozwa kwa maji. Sheria ilipopanuliwa 1976 mpaka cc 550, Jimny ikapata silinda ya tatu. Mwaka 1977 wakatoa ya kuuza nje, LJ80, cc 797, mipigo minne, ambayo haikubanwa na kei. Tangu hapo Jimny ina matawi mawili, moja la nyumbani Japani lenye injini ya kikombe, jingine la nje lenye injini kubwa kidogo. Kumbuka hilo la matawi, litanirudisha kwenye swali lako.

Mwaka 1981 ikaja ile ya pembe pembe, SJ, na hiyo ndiyo iliyotawanyika dunia. SJ410 ya lita moja, kisha SJ413. Hispania zilitengenezwa na kampuni ya Santana. India zikaitwa Maruti Gypsy, zikaingia jeshini na zikaendelea kutoka kiwandani kuanzia 1985 mpaka karibu 2019. Ndugu zetu wa Kenya wanaposema "Maruti" wanamaanisha hii. Marekani iliingia 1985 kwa jina Samurai, ikapendwa sana na vijana, mpaka Julai 1988 jarida la Consumer Reports lilipoandika kwamba inapinduka kirahisi na haifai. Suzuki walishtaki 1996, kesi ikaburuzwa hadi 2004 wakapatana, lakini wakati huo Samurai ilishaondoka sokoni kule. Maoni yangu, na wadau wa Samurai msinirushie mawe: gari hili ni jembamba na limesimama juu. Ukiingia nalo kona kama una sedani utalala nalo. Mjomba hakuwahi kupita 60, na hakuwahi kulala.

Kwa wanaodhani ni kichezeo: Aprili 2007 Wachile wawili, Gonzalo Bravo na Eduardo Canales, walipandisha Samurai iliyofanyiwa marekebisho hadi mita 6,688 kwenye volkano ya Ojos del Salado. Kilele cha Kilimanjaro ni 5,895.

Sasa tuje kwenye zile unazoziona kwenye mitandao ya kuuza magari. Oktoba 1998 kipimo cha kei kiliongezwa tena, urefu mita 3.4 na upana mita 1.48, injini ikiwa 660 tangu 1990. Papo hapo Suzuki wakatoa Jimny ya kizazi cha tatu, ile ya mviringo iliyodumu miaka 20 hadi 2018. Ya nyumbani ni JB23, cc 658 yenye turbo (kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi), nguvu za farasi 64, kwa sababu watengenezaji wa kule walikubaliana wenyewe kei isizidi hapo. Ya cc 1300 ni JB33, na baadaye JB43. Kwenye picha zinafanana kama pacha.

Hapo ndipo nilipopigwa. Niliagiza ya 1300 kwa wakala mmoja wa mjini, akanitumia picha zilizofutwa namba, nami kwa uchu wangu sikuuliza namba ya chesisi. Ikashuka bandarini JB23. Sikatai, mjini ni tamu: inageuka kwenye uchochoro, inanusa mafuta tu. Kitonga, ule mlima wa barabara ya Iringa, ndiko nilikoijua. Tulikuwa watu wanne na magunia ya viazi, gia ya pili, turbo inalia kama mluzi wa refa, basi nyuma yangu linanipigia honi mpaka mke wangu akaficha uso. Miezi michache baadaye ikaanza moshi. Fundi akafungua kile kibomba chembamba kinachopeleka oili kwenye turbo, akakigonga juu ya ubao, kikatoka kitu cheusi kikavu kama masizi ya chungu. Oili ilicheleweshwa kubadilishwa, huko ilikotoka na kwangu pia, maana nilikuwa naihesabia kilomita kama gari lisilo na turbo. Injini yenyewe, K6A, si ya ajabu, ni ukoo ule ule uliomo kwenye kirikuu nyingi (vile vigari vya mizigo vya Suzuki Carry) za miaka ya karibuni, na fundi yeyote wa kirikuu ataizoea. Ila ya kirikuu wanayoijua wengi haina turbo, na kosa moja la oili inalisamehe. Hii haisamehi.

Nikaiuza, nikachukua JB43. Bado ninayo. Injini yake ni M13A, ya mnyororo, wakati JB33 ni ya mkanda, kwa hiyo ukipata JB33 uliza mkanda umebadilishwa lini, na usikubali jibu la "haina shida". Jimny nyingi za kizazi hiki cha tatu zina ugonjwa mmoja wa kutisha: ukiwa 70 au 80 ukapiga shimo, usukani unatikisika kama umekamata jogoo. Mafundi wengi watakimbilia kukuuzia shokapu mpya ya usukani. Anza na kubalansi tairi, kisha beringi za juu na chini kwenye makombe ya ekseli ya mbele. Yangu zilikuwa zimekwisha, tukabadilisha, ikatulia mpaka leo.

Ugonjwa wa pili ulinirudisha Mufindi. Kwenye hizi kile kitasa cha mjomba kimeondolewa. Miguu inafungwa na mvuto wa hewa kutoka kwenye injini, unapita kwenye mipira myembamba hadi kwenye magurudumu. Mpira ukipasuka au sili ikichoka, taa ya 4x4 inapepesa kwenye dashibodi na mbele hakuvuti. Niligundua hilo nikiwa ndani ya tope, mvua inanyesha, nimevaa viatu vya ofisini. Nikatafuta vitasa vya kugeuza kwa mkono, nikavifunga, habari ikaisha.

Turudi kwenye bei. Julai 2018 ikatoka mpya, ya pembe pembe tena, na duniani watu wakaichanganyikia. Kabla ya hapo zilishauzwa zaidi ya milioni 2.8 kwenye nchi 194. Japani foleni ikapita mwaka. Ulaya ikakwama kwenye sheria za hewa ukaa, 2021 ikarudi imeng'olewa viti vya nyuma ili isajiliwe kama gari la mizigo. Mwaka 1970 tairi lilikula kiti kimoja, safari hii moshi ukala viwili. Ya milango mitano inatengenezwa India, na ilipotangazwa Japani Januari 2025 kwa jina Nomade, maagizo yalifika 50,000 ndani ya siku nne, Suzuki wakafunga daftari. Mpya ikikosekana, watu wanashuka kwenye ya zamani, na wewe unashindana nao kwenye mnada ule ule.

Kwa hiyo, mkuu: kama maisha yako ni Dar, watu wawili, na unaheshimu oili, 660 haitakuangusha. Kama kila likizo ni mkoani na familia nzima, chukua 1300. Na ili usipigwe kama mimi, omba picha ya namba ya chesisi, ianze na JB43W. Kama gari bado lina namba za Kijapani, tazama rangi: kei za watu binafsi kwa kawaida zina kibao cha njano chenye maandishi meusi. Za 1300 matao ya matairi yake yamevimba zaidi nje ya bodi.

Ukipata moja unayoitamani, itupie hapa picha za chini ya gari, si za rangi. Tuanze na chesisi nyuma karibu na tangi, huko ndiko kutu inakojificha.