Mafuriko ya Sudd na methani: niliyoyaona nikiwa Bor

Mkuu, umeuliza kama mvua ndiyo inayoongeza methani, gesi inayopasha dunia joto, kwenye vinamasi, na mbona vipimo hupanda hata miezi ya jua. Nimekuwa fundi wa injini za boti Bor, Sudan Kusini, ukingoni mwa Sudd, kinamasi kikubwa cha mto Nile. Jibu langu: tazama maji yamesimama wapi, na kwa muda gani.

Mei 2020 kaka alinipigia kutoka Mwanza, Ziwa Victoria limeingia uani. Kipimo cha kina cha ziwa pale Jinja, Uganda, Nile inapotokea, mwezi ule kilifika mita 13.42, kikaipita kidogo rekodi ya 1964. Chanzo ni mvua zilizoanza mwishoni mwa 2019, Bahari ya Hindi upande wetu ilipopata joto kupita kawaida. Maji hayo hupita maziwa ya Kyoga na Albert, halafu hushuka Bahr el Jebel, yaani Nile ya huku kwetu inayoingia Sudd. Agosti tuta letu lilikuwa limebomoka, tunapitisha boti juu ya malisho ya ng'ombe. Mvua za hapo nazo zilichangia, ila zilipokatika maji yalibaki. Desemba, jua linawaka, bado yapo.

Gesi huzaliwa hapo. Nyasi zilizozama zinaoza, oksijeni ya topeni inaisha, na vijidudu visivyohitaji hewa vinashika kazi. Nilikuwa nikichoma upondo, mapovu yanapanda mfululizo. (Ile harufu ya mayai viza si methani, methani haina harufu.) Maji yakipata joto, vijidudu huongeza kasi. Mafunjo nayo ni mrija: gesi hupanda ndani ya shina hadi hewani, ikiwakwepa bakteria ambao wangeila njiani. Tope likikauka na kupasuka, oksijeni inaingia na hao walaji wanashinda. Kwa hiyo zile nyanda za pembeni, zinazofunikwa mwaka huu na kukauka mwingine, ndizo zinazoyumbisha hesabu, kuliko katikati panapolowa daima.

Mwaka 2020 na 2021 methani ya dunia ilipanda kwa kasi ambayo haikuwa imeonekana tangu vipimo vya kimfumo vianze 1983, na satelaiti zilionyesha vinamasi vya Afrika Mashariki vimechangia sana.

Kuna aliyeandika kwamba mfereji wa Jonglei, wa kupitisha maji ya Nile kando ya Sudd, ambao uchimbaji wake ulisimama 1984, umaliziwe ili Sudd ikauke; nampinga kabisa. Watu wanavua na kulisha mifugo humo. Tuanze na gesi inayovuja kwenye visima vya mafuta, ambayo ina valvu za kufungwa.

Na ukitaka kukisia mwaka ujao Sudd itatanuka kiasi gani, fuatilia kina cha ziwa pale Jinja kabla ya utabiri wa mvua wa Juba.