Njia ya Oodnadatta: panga siku nyingi, lala njiani

Mara ya kwanza mimi na mke wangu tulipita Njia ya Oodnadatta kwa siku mbili. Ni barabara ya vumbi ya zaidi ya kilomita 600 katika nyika ya Australia Kusini, kutoka Marree hadi Marla, inayofuata reli ya zamani ya Ghan iliyofungwa mwaka 1980. Tulifika hoi. Mwaka uliofuata tukarudi na kuipa siku sita, na ushauri wangu wote unatokana na tofauti ya safari hizo mbili.

Chukua mfano wa Mutonia, bustani ya sanamu isiyo mbali sana na Marree. Katikati ya tambarare isiyo na mti utaona ndege mbili zimesimamishwa wima juu ya mikia yao. Safari ya kwanza mke wangu aliniuliza, "Umeziona?" nasi tulikuwa tumeshapita. Ya pili tulikaa saa mbili. Msanii Robin Cooke alijaza uwanja ule sanamu za vyuma chakavu, vitu ambavyo wengine wangevitupa. Shuka garini, zunguka kila sanamu, sikiliza upepo unavyolia kwenye mabati. Kisha weka chochote ulicho nacho kwenye kisanduku cha michango.

Mbele zaidi kuna chemchemi iitwayo The Bubbler, ambapo maji na mchanga vinatokota bila moto. Maji yanapanda kutoka hazina ya chini ya ardhi iliyotandaa chini ya zaidi ya moja ya tano ya bara zima. Hapo ndipo nilipoielewa barabara yenyewe. Wenyeji wa asili walisafiri kufuata chemchemi hizi, laini ya simu ya maandishi ya mwaka 1872 ikazifuata, halafu reli, kwa sababu injini za mvuke zilihitaji maji. Pale Coward Springs, kambi iliyo karibu na chemchemi hiyo, lala usiku mzima. Kuna mitende iliyopandwa tangu miaka ya 1890, na mimi niliyekulia pwani nilikaa chini yake jioni nzima bila hamu ya kwenda popote.

Ukifika Kati Thanda, ziwa la chumvi lililo kama mita 15 chini ya usawa wa bahari, litazame ukiwa ukingoni. Ni mahali patakatifu kwa Waarabana, wenyeji wa asili wa eneo hilo, na wanaomba wageni wasikanyage chumvi yake. Tafadhali waheshimu.

Sasa wanyama. Saa kumi alasiri uwe umeshapata pa kulala. Kangaruu hutoka jua likishuka, na safari ya kwanza mmoja aliruka mbele yetu giza likiingia. Nilikanyaga breki, akapita kwa kiasi cha hatua mbili. Akitokea, shika usukani sawasawa na upunguze mwendo, maana kukwepa ghafla kwenye kokoto ndiko kunakopindua magari. Ukiona tai wanakula mzoga barabarani, punguza mapema sana: ni ndege wazito, tena walioshiba, hawanyanyuki haraka. Sisi tulisimama mbali tukazima injini, na tai mmoja akaendelea kula kana kwamba hatupo.

Kuhusu gari, nenda na matairi mawili ya akiba, maana mawe ni makali, na upunguze upepo kidogo ukiingia kwenye vumbi. Beba maji ya siku kadhaa zaidi ya ulizopanga. Jaza mafuta Marree, William Creek na Oodnadatta, hata kama tangi bado lina nusu. Safiri kati ya Mei na Agosti, lakini chukua blanketi nzito kwa ajili ya usiku. Mvua ikinyesha barabara hufungwa, na ukiingia ikiwa imefungwa unatozwa faini. Subiri tu, ndiyo faida ya kuwa na siku za ziada.

Asubuhi ya tano tulikuta emu dume, ndege mkubwa asiyeruka anayefanana na mbuni, akivusha vifaranga wake wenye mistari. Kwa emu, baba ndiye anayeatamia na kulea. Kifaranga mmoja alirudi nyuma kudonoa kitu barabarani. Baba akasimama kumsubiri, na sisi tukasubiri pia.