Madumu matatu ya mafuta, sukari hakuna

SWALI

Shangazi, shikamoo. Nyumbani kwetu Tabata tuko sita: mimi, baba watoto, wanetu wawili, shemeji yangu anayesoma chuo, na dada anayetusaidia kazi. Jumamosi iliyopita yaliingia madumu matatu ya mafuta ya kula, ya lita tano tano. Moja nililinunua mimi nikitoka kazini Posta, moja baba watoto alilipitia Kariakoo, la tatu shemeji aliliagiza mtandaoni likaletwa na bodaboda. Sukari hakuna hata aliyeikumbuka. Grupu la familia la WhatsApp tunalo, ila orodha ikiandikwa asubuhi, hadi saa kumi imeshazikwa na salamu na video za mahubiri. Kijana wa ofisini kanishauri niweke kiendelezi, yaani kijiprogramu cha kuongezea kwenye kivinjari cha kompyuta ya ofisi, eti nikiona bidhaa nabonyeza tu inaingia kwenye orodha ya wote. Kilipoomba ruhusa ya kusoma na kubadilisha data yangu yote kwenye tovuti zote, nikaogopa. Nikubali?

Mama wa Wawili, Dar es Salaam

JIBU

Marahaba, mama. Umeogopa penye kuogopesha. Ukikipa ruhusa hiyo, kiendelezi kinaweza kusoma kila ukurasa unaoufungua, ukiwamo wa barua pepe na wa benki. Sisemi waliokitengeneza ni wezi, ila kwa safari ya kununua sukari, funguo hizo ni nyingi mno. Halafu kompyuta yenyewe ni ya ofisi. Ukiking'ang'ania, na kivinjari chako kikiwa Chrome, kinakuruhusu kukibana kiamke pale tu unapokibonyeza. Mimi ningekiacha.

Unachohitaji hakina haja ya kiendelezi. Fungua keep.google.com, daftari la mtandaoni la Google liitwalo Keep, kwenye kivinjari, anza noti mpya ya visanduku vya kuwekea tiki, kisha bonyeza kialama cha mtu chenye alama ya kujumlisha, uingize anwani za Gmail za baba watoto na shemeji. Basi. Wewe ukiandika ukiwa Posta, wao wanaona kwenye simu zao; mmoja akiweka tiki, kitu kinashuka chini kimekatwa mstari. Shemeji akiona bei nzuri mtandaoni, anakili kiungo cha bidhaa na kukibandika humo humo, mnajadiliana kabla hajaagiza. Simuni wekeni programu yake, kwa sababu hiyo inafunguka hata bando likiisha katikati ya soko. Mtandao ukirudi, tiki zinawafikia wengine.

Ila chombo hakitawaponya kama hamna adabu ya orodha. Kwangu niliwahi kuandika neno moja, "mafuta". Mwanangu akarudi na kopo la mafuta ya kujipaka, tena ya nazi, yananukia vizuri kweli. Siku hizi naandika "mafuta ya kula, lita 5, dumu 1". Unga nao useme ni sembe au dona, kilo ngapi. Na tiki iwekwe kitu kikiwa tayari kikapuni, si mtu anapoahidi kukipitia. Anayekwenda Kariakoo aandike pembeni ya kitu, "nachukua mimi". Madumu yenu matatu yangekomea hapo.

Vilivyokwisha kununuliwa msivifute. Mwezi ujao ondoeni tiki tu, sukari inapanda juu yenyewe, hakuna wa kuikumbuka. Ila jua kwamba kila uliyemwingiza anaweza kubadilisha na kufuta, si kusoma tu. Kwa hiyo watoto wasubiri kidogo, usije ukakuta biskuti paketi kumi zimeandikwa kwa jina lako. Na zawadi ya baba watoto usiiandike humo!

Sasa nije kwa mtu ambaye hukumtaja tena baada ya kuhesabu watu wa nyumba. Ninyi watatu mnashinda nje. Anayelikuta kopo la sukari tupu ni dada, na nakisia simu yake ni kitochi. Orodha isiyomfikia yeye itajaa mnavyodhani vimekwisha, na ndivyo mlivyopata mafuta. Mkubaliane kila siku saa kumi na moja jioni akutumie SMS ya vilivyobaki kidogo, uviingize wewe. Muda wa maongezi umnunulie wewe, usitoke kwenye mshahara wake. Kama hapendi kuandika, akupigie mara moja akate, wewe umpigie.

Yale madumu mawili ya ziada, kama hayajafunguliwa, anza na la Kariakoo. Baba watoto alirudishe kwa muuzaji wake akiwa na risiti, aombe thamani yake ichukuliwe kwa sukari. La mtandaoni lina masharti yake ya kurudisha. Shemeji ayasome leo, maana siku huwa zinahesabiwa tangu mzigo ulipopokelewa.